Pima Mwendo Kwanza: Mwongozo wa Kupiga Taimulapsi kwa Droni

Taimulapsi ni filamu inayobana muda. Dakika ishirini za mawingu yakipita juu ya mji hutazamwa kwa sekunde kumi, na kile ambacho jicho halikukiona kikisogea huonekana kikienda. Anayetaka kuitengeneza kwa droni hukutana mapema na uamuzi mmoja: apige picha mnato kwa vipindi na kuziunganisha baadaye, au arekodi video kisha aiharakishe? Jibu linalorudiwa sana ni kwamba picha mnato ni bora siku zote. Jibu hilo limezaliwa na kamera za ardhini zilizosimikwa juu ya stendi, ambapo mpigaji anaweza kungoja saa tatu au usiku kucha bila hofu ya lolote isipokuwa mvua. Droni haina nafasi hiyo. Inategemea betri moja, inasukumwa na upepo, na ni lazima itue kabla ya nusu saa kwisha. Hoja ya mwongozo huu ni kwamba ubora wa faili peke yake hautoshi kuamua. Kinachoamua ni mwendo wa kitu unachokipiga, na kiasi mwanga utakavyobadilika ndani ya dakika ishirini hivi ulizo nazo. Ukivipima hivyo viwili kabla ya kurusha, utaona kuwa kazi nyingi za mchana zinataka video, na picha mnato zinadai haki yake pale jua linapozama.

Hesabu ya betri moja

Anza na hesabu, maana ndiyo inayokuonyesha ufinyu wa muda wako. Umeme wetu wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, na fremu 25 kwa sekunde zinakwenda vizuri na taa za barabarani na za majengo, bila kuzifanya zipepese kwenye video. Filamu ya sekunde 10 basi inahitaji fremu 250. Ukipiga picha moja kila sekunde 2, utazipata kwa dakika 8 na sekunde 20. Ukipiga kila sekunde 5, utahitaji karibu dakika 21. Sasa itazame mashine yenyewe. DJI Mavic 2 Pro, droni iliyotumiwa sana na wapiga picha, hupiga JPEG kila sekunde 2, lakini ukitaka faili ghafi za RAW kipindi kifupi kabisa ni sekunde 5. Mtengenezaji aliitangazia dakika 31 angani, katika hewa tulivu na mpaka chaji iishe. Toa muda wa kupanda, wa kupanga fremu, wa kurudi, na akiba ya asilimia 25 hadi 30 ya kutua kwa usalama. Unabakiwa na dakika kama 20 za kupiga. Hizo ni picha 240, yaani chini ya sekunde 10 za filamu. Betri nzima imekwenda kwa kipande kimoja ambacho hakina hata fremu ya ziada ya kukata iwapo upepo ulivuma katikati. Video ya dakika hizo hizo 20 ina fremu 30,000.

Kitu kinakwenda kasi gani?

Wingi huo wa fremu una thamani kwa sababu ya pengo lililopo kati ya fremu moja na inayofuata. Jicho huunganisha mwendo pale kitu kinaposogea kidogo kidogo. Kikiruka mbali, jicho huona vitu viwili tofauti. Kanuni rahisi ya kuanzia ni hii: kati ya fremu na fremu, kitu kisisogee zaidi ya urefu wake mwenyewe. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Kwa kipindi cha sekunde 5 limeshakwenda mita 70, na kwenye filamu hulioni likisafiri: linatokea, linapotea, na jingine linaibuka mahali pengine. Mtu anayetembea huwa amepita mita 7. Ngalawa inayokwenda kilomita 9 kwa saa huwa imepita zaidi ya mita 12, nayo kwa kawaida haina urefu huo. Wingu linalokwenda mita 10 kwa sekunde huwa limesogea mita 50, lakini wingu lenyewe lina upana wa mamia ya mita au kilomita kadhaa, hivyo mwendo wake unabaki laini. Kwa kipimo hiki, mawingu, vivuli vya milima na mwanga wa jioni huvumilia picha za vipindi. Magari, watu, vyombo vya baharini na mawimbi havivumilii.

Video inakupa uwezo wa kuchagua pengo unalolitaka, tena baada ya kutua. Ukiharakisha video ya fremu 25 mara 8, pengo la kila fremu ya filamu ni theluthi moja ya sekunde, na gari lile la kilomita 50 kwa saa husogea mita 4 na nusu tu, karibu urefu wake. Dakika 5 za kurekodi zinakupa sekunde 37 za filamu yenye msongamano unaosomeka vizuri. Ngalawa unaweza kuiharakisha mara 30 na bado ikasogea mita 3 kwa fremu. Mawingu yanakubali mara 60 na zaidi. Aliyepiga picha kila sekunde 5 ameshajifunga: hawezi kuipunguza kasi ya filamu yake bila kuifanya iruke. Aliyerekodi video anakaa mbele ya kompyuta, anajaribu mara 8, mara 12, mara 20, na kuchagua kasi inayoieleza habari yake.

Kurekodi video ya kuharakishwa

Kabla ya kubonyeza kitufe, weka kamera katika mpangilio wa mkono. Chagua 4K kwa fremu 25, ISO ya chini kabisa, na rangi ya mwanga isiyobadilika, kwa mfano kelvini 5500 mchana. Fokasi iweke mbali kisha uifunge. Ukiiacha kamera ijiamulie, kila wingu likipita mbele ya jua itaongeza au kupunguza mwangaza, na mabadiliko ambayo kwa kasi ya kawaida huyaoni yatakuwa mpepeso mkali ukishaharakisha. Fuatilia histogramu kwenye rimoti na uache nafasi upande wa mwanga, kwa sababu anga jeupe lililoungua halirudishiki.

Mwanga wetu wa mchana ni mkali, kwa hiyo filta ya ND ni kifaa cha lazima. Lenzi ya f/2.8 kwa ISO 100 chini ya jua kali inadai shata ya karibu 1/3200 ya sekunde, ambayo hugandisha kila kitu na kuifanya filamu iwe na mwendo wa kukatakata. Filta ya ND64 hupunguza mwanga kwa hatua sita na kukushusha hadi 1/50. Kama utachanganya fremu baadaye, shuka hadi 1/25, ili mwisho wa fremu moja uwe ndio mwanzo wa nyingine na alama ya mwendo isiwe na mapengo.

Kuchanganya fremu ndiko kunakoipa video nguvu ambayo wengi hawaitumii. Badala ya kuchukua fremu moja katika kila nane na kutupa saba, iambie programu itafute wastani wa zote nane na kuufanya fremu moja. FFmpeg, programu ya bure inayofanya kazi hata kwenye kompyuta ya kawaida, ina filta iitwayo tmix kwa kazi hiyo. Ukishachanganya fremu nane kwa nane, unabakiza moja katika kila nane. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, gari linaacha mkia laini wa mwendo, kana kwamba shata ilikaa wazi kwa theluthi moja ya sekunde, jambo gumu kulifanya kwa picha moja ya droni inayotikiswa na upepo. Pili, chembechembe za kelele ya kihisi zinapungua. Kelele hushuka kwa kipeuo cha pili cha idadi ya fremu, kwa hiyo wastani wa fremu 16 huibakiza robo tu.

Pingamizi tatu

Mtetezi wa picha mnato atasema kwanza kwamba picha ina pikseli nyingi zaidi, na ni kweli. Fremu ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, karibu megapikseli 8.3, ilhali droni hupiga picha za megapikseli 12, 20 au zaidi. Lakini jiulize filamu itatazamwa wapi. Kazi nyingi zinaishia kwenye simu au kwenye runinga kwa kiwango cha HD, yaani pikseli 1920 kwa 1080. Video ya 4K ina mara nne ya pikseli hizo, na ziada hiyo inatosha kutuliza mtikisiko na hata kusogeza fremu taratibu wakati wa kuhariri. Kama mteja anataka tangazo la skrini kubwa la 4K kamili, hapo pingamizi linasimama, na picha mnato zinastahili usumbufu wake.

Pingamizi la pili ni rangi, nalo lina uzito zaidi. Video ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila rangi; picha ghafi ya biti 12 ina ngazi 4,096. Tofauti hiyo huonekana pale unapotaka kuinua vivuli au kuokoa anga, ambapo video hugawanyika katika mistari. Droni zinazorekodi biti 10, zenye ngazi 1,024, zimepunguza pengo hilo, na kuchanganya fremu kunalipunguza tena, ingawa mbano wa video huacha madhara ambayo wastani hauyafuti. Mchana, mwanga unapokuwa hauchezi, ukipima mwangaza vizuri hutahitaji ukarabati mkubwa na ngazi za video zinakutosha. Mwanga ukibadilika sana, hazikutoshi, na hapo hoja inageuka.

Pingamizi la tatu ni nafasi ya kuhifadhi, na hili hesabu inalipinga. Video ya megabiti 100 kwa sekunde hula megabaiti 750 kwa dakika. Dakika 5 ni chini ya gigabaiti 4. Picha ghafi ya megapikseli 20 huweza kufika megabaiti 40, hivyo picha 240 ni gigabaiti 9 na nusu. Anayefanya kazi kwa kompyuta moja yenye diski ndogo hana sababu ya kuiogopa video.

Machweo: hapa picha zinashinda

Jua linapozama, kipimo cha pili kinaamua. Kuanzia machweo hadi mwisho wa ule mwanga wa jioni unaoruhusu kuona bila taa, mwanga hupungua kwa takriban mara mia moja. Hakuna mpangilio mmoja wa kamera unaoweza kubeba mabadiliko hayo yote, na video ya biti 8 iliyopigwa gizani kisha ikainuliwa haitazamiki. Faili ghafi zinavumilia. Na sisi tulio karibu na Ikweta tuna bahati ambayo wapigaji wa kaskazini hawana: jua letu hushuka karibu wima. Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa, kipindi hicho huchukua dakika 20 na kitu. London mwezi wa Juni hupita dakika 45. Betri moja, ambayo kule haimalizi hata nusu ya kazi, hapa inatosha kwa badiliko lote kutoka dhahabu hadi buluu na taa za mji kuwaka.

Angalia saa ya machweo ya siku hiyo, rusha dakika tano kabla, panga fremu, na anza kupiga RAW kila sekunde 5 jua linapogusa upeo. Giza linavyoingia, ongeza mwangaza kwa theluthi ya hatua kila mara, usiruke hatua nzima. Kama droni yako ina tundu la lenzi linalobadilika, lifungue kwanza. Kisha refusha shata taratibu, na ukifika robo ya sekunde anza kupandisha ISO. Hewa ikiwa tulivu gimbali inaweza kuistahimili hata nusu ya sekunde, lakini vuta picha moja ndani kwenye skrini uhakikishe taa ni nukta na hazijawa mistari. Ngazi za mwangaza zitakazobaki kati ya picha na picha zinasawazishwa na programu kama LRTimelapse, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo hasa.

Kutulia hewani

Iwe picha au video, droni haisimami kama stendi. Watengenezaji hutaja kosa la kuelea kwa GPS la kati ya nusu mita na mita moja na nusu kulalia pembeni. Programu hutuliza mtikisiko wa jumla, lakini haiwezi kurekebisha kitu cha karibu kinachosogea mbele ya kitu cha mbali. Droni yenye lenzi ya upana wa nyuzi 70 na picha ya pikseli 4000 ikihama mita moja na nusu, paa lililo umbali wa mita 30 husogea kama pikseli 160 kwenye fremu, na jengo la mita 300 husogea kama 16 tu. Kwa hiyo ondoa vitu vya karibu kwenye fremu: panda, rudi nyuma, au inua kamera mpaka mnazi wa mbele utoke. Hapa pia video ina faida, kwa sababu programu ya kutuliza huufuata mwendo wa droni fremu kwa fremu, ilhali kati ya picha za sekunde 5 droni imeshahama na kurudi bila kuacha ushahidi.

Upepo ndio adui mkubwa. Pwani, upepo wa bahari huongezeka mchana na alasiri, na asubuhi hewa huwa tulivu zaidi. Kipindi cha maleleji, kusi ikiwa imelegea na kaskazi haijashika, hukupa siku nzuri kuliko nyingine. Simama upande ambao droni itarudi kwako ikisukumwa na upepo, usiiache irudi ikipambana nao na chaji ndogo.

Kwa nini basi isiwe stendi?

Mtu makini atauliza: kama muda ni mfupi na chombo hakitulii, kwa nini usipande ghorofani na kamera ya stendi? Mara nyingi huo ndio uamuzi sahihi. Kupwa na kujaa kwa maji huchukua saa sita hivi, na droni moja haiwezi kukuonyesha safari yote. Lakini kuna umbo la mahali ambalo linaonekana kutoka juu peke yake. Wakati wa bamvua maji ya pwani ya Zanzibar na Mombasa hupanda na kushuka karibu mita 4, na hayashuki kwa kasi moja: katika saa ya tatu na ya nne husogea robo ya kina chote kila saa. Dakika 20 za wakati huo ni karibu theluthi ya mita, na kwenye ufuko wenye mteremko wa mita moja kwa mia, ukingo wa maji unarudi nyuma zaidi ya mita 30. Ukisoma jedwali la maji na kurusha saa hiyo, betri moja inatosha kuonyesha mchanga ukifunuka. Kuijua saa ya kitu kuna faida kuliko kuwa na betri nyingi.

Wengine watauliza kuhusu modi ya Haipalapsi iliyomo ndani ya droni, inayopiga na kuunganisha yenyewe. Itumie unapotaka droni isafiri huku ikipiga, kwa mfano kuzunguka mnara, kwa sababu inapanga njia vizuri kuliko vidole. Lakini washa mpangilio wa kuhifadhi picha asili, ili usibaki na video iliyobanwa ambayo huwezi kuirekebisha.

Kibali na watu walio chini

Taimulapsi huiweka droni mahali pamoja kwa muda mrefu, jambo linaloongeza hatari na kuwatia watu wasiwasi. Tanzania na Kenya zinataka usajili na kibali, na mamlaka zake za usafiri wa anga, TCAA na KCAA, ndizo mlango wa kuanzia. Hifadhi za taifa zina masharti yake, na kurusha baada ya machweo huenda kukahitaji ruhusa ya pekee, kwa hiyo uliza kabla ya kupanga kazi ya jioni. Usielee juu ya barabara wala juu ya umati. Simama pembeni na uipige kwa mshazari, pembe ambayo pia huonyesha msongamano vizuri zaidi. Kama fremu yako inaingia uani mwa watu, waombe. Dakika ishirini juu ya nyumba ya mtu ni muda mrefu mno wa kumtazama bila idhini.

Kabla ya kila kazi, basi, andika mambo matatu kwenye karatasi: kitu kinasogea mita ngapi kwa sekunde, mwanga utabadilika kiasi gani, na filamu itatazamwa kwa ukubwa gani. Kitu kikienda kasi na mwanga ukiwa thabiti, rekodi video na uchanganye fremu. Kitu kikienda polepole na mwanga ukianguka, piga RAW kila sekunde 5. Vyote viwili vikienda kwa pamoja, kama barabara yenye magari wakati wa machweo, gawa kazi siku mbili badala ya kuilazimisha betri moja ibebe kila kitu. Mwenye droni ndogo na betri moja, akifanya kipimo hiki kwa uaminifu, atapata filamu safi kuliko mwenye mashine ya bei kubwa anayefuata jibu moja kila mahali.